Mstari Uliopita Chini ya Makaburi

Mlinipa ramani. Siku ya kuniaga, baada ya wali na soda na hotuba ya Afisa Utumishi aliyekosea jina langu mpaka mkamcheka, mlileta kitu kipana kilichofungwa kwa karatasi ya maua. Mkapiga vigelegele, nikafungua. Ilikuwa karatasi ile ya zamani ya Mlima Rungwe, imetiwa fremu ya mninga na kioo. Nilitoa machozi, na mmoja wenu akasema, "Jamani, Mama amefurahi." Haya, na iwe hivyo.

Nilipofika nyumbani niliitundika sebuleni, nikaigeuza uso ukutani. Baraka mwenzenu alipokuja kunijulia hali akaikuta imetupa mgongo. "Mama, mbona ramani umeigeuza? Imekukosea nini?" Nikamwambia anywe chai. Akanywa, akauliza tena, maana huyu kijana wa Shinyanga hachoki. Mwishowe akasema, "Basi tuandikie, Mama. Sisi tumekuta kompyuta, hatujui nyie mlifanyaje kazi." Sawa, mmeomba wenyewe. Mambo ya vyeo msiyatafute humu. Vilikuja vilipokuja, na vingi vilichelewa.

Nilianza kazi ofisi ya ardhi Tukuyu miaka ya themanini. Binti wa Mpuguso, nimetoka chuoni, nimevaa sketi ya kaki niliyoshona mwenyewe na viatu vya kwendea kanisani. Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo ilikuwa siku ya kawaida. Mkuu wa upimaji alikuwa Bwana Mshana, Mpare mrefu aliyevaa koti la mvua ndani ya ofisi. Bati lilivuja juu ya meza yake, na meza haikuweza kusogezwa kwa sababu mtu wa stoo alikataa, eti imeandikishwa pale. Nikamwamkia. Yeye akawa anatazama viatu vyangu.

"Binti, umekuja kupima au umekuja kusali?"

"Kupima, Bwana."

"Basi kesho njoo na viatu vya kupimia."

Kesho yake nilikwenda na buti za kaka yangu, nimezijaza magazeti vidoleni. Bwana Mshana alinikabidhi panga, akatangulia kutoka nje, na tangu siku hiyo nilikuwa mpimaji.

Nyie mna droni, inaruka, inarudi, mnakunywa soda. Sisi ramani yetu ilikuja kwa mafungu. Ndege ilishapita miaka ya nyuma ikapiga picha nchi nzima. Huko kwenye ofisi kubwa mjini wakazitazama picha kwa mashine zao, wakachora mabonde, vilele, mito na ukingo wa msitu. Kisha wakatuletea rasimu na picha zenyewe ili tuzunguke kwa miguu tuhakiki. Kijito hiki kina maji mwaka mzima au ni cha masika? Njia hii gari linapita, au ng'ombe tu? Hili jeusi ni msitu, shamba la chai, au kivuli cha wingu? Ndege haiwezi kushuka ikauliza mtu, ndiyo maana tukaajiriwa.

Vifaa vyetu vilikaa kwenye begi moja. Kulikuwa na stereoskopu ya mfukoni, ambayo ni miwani iliyosimama kwa miguu ya waya. Unapanga picha mbili za mahali pamoja, unainama, unatulia, na ghafla mlima unakuinukia usoni. Mara ya kwanza nilipiga ukelele nikarudi nyuma, na Bwana Mshana akacheka mpaka akakohoa. Kulikuwa na kipimo cha mwinuko, saa ya shaba inayosoma uzito wa hewa. Mvua ikikaribia inadanganya, na kwa kuwa Rungwe mvua inakaribia muda wote, tulikuwa tunatembea na mwongo begini. Na kulikuwa na sindano. Ukifika mahali unapotaka kupaweka kwenye ramani, unasimama hapo hapo, unatafuta nukta yake kwenye picha, unaitoboa, unageuza picha na kuandika nyuma pale ni nini.

"Ukitoboa umeapa," Bwana Mshana alikuwa akiniambia. "Penseli inafutika. Tundu halifutiki."

Kazi ngumu ilikuwa kule juu. Kuna nguzo ya saruji mlimani, na ilitakiwa tuifunge kwa pembe na mlima Kyejo ulio ng'ambo. Ili upime, lazima uone. Tulikaa kwenye hema siku nenda siku rudi, wingu limetulalia, blanketi zinanuka ukungu, maharage yana mchanga, upupu umetuchoma mpaka masikioni. Bwana Mshana alilitukana lile wingu kwa Kipare ili nisielewe, lakini matusi yanaeleweka tu. Asubuhi moja alikwenda kichakani kujisaidia, na wingu likafunguka mara hiyo. Kyejo ule pale, kama umeoshwa! Nikarukia tiodolaiti, darubini yetu ya kupimia pembe, nikasoma, nikarudia na kurudia. Bwana Mshana akatoka mbio ameshika suruali mkononi, akipaza sauti, "Soma! Soma! Usiniangalie mimi, soma!" Alipofika, wingu limeshafunga. Akakagua hesabu zangu akiwa bado hajafunga mkanda, akasema zinafaa. Sikupata sifa kubwa kuliko hiyo kwa mtu yeyote tena.

Nayasema haya ili mjue niliipenda kazi. Msije mkadhani ni uchungu wa mtu mvivu.

Mwaka uliofuata niliolewa na Ambakisye, mwalimu wa shule ya msingi. Kwao ni juu ya Kawetele, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu, pale ambapo migomba inakoma na msitu unaanza. Hapa lazima niwaeleze nyie mliotoka Tanga na Shinyanga jambo moja la kwetu. Mkamwana hamwangalii baba mkwe. Haongei naye, hataji jina lake, hali chakula mahali alipo. Akimwona njiani anajitupa migombani mpaka mzee apite. Wala si chuki, ni heshima, na mzee naye anaibeba upande wake: akikaribia ua anakohoa mbali ili mkamwana apate kujificha. Makanisa yalishayasema sana hayo, na wengi siku zile walishaanza kuacha. Baba mkwe wangu hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, anakaa benchi la mbele, na hakuacha. Jina lake silitaji hata leo, kwa hiyo humu nitamwita Mzee.

Basi rasimu ya upande wao ikafika Tukuyu. Nilipoifungua niliinama karibu, nikaitazama mara mbili. Ofisi kubwa walikuwa wamechora ukingo wa msitu upande wa chini wa kichaka cha makaburi ya ukoo wa mume wangu, yaani kichaka chote kimeingizwa msituni.

Kile kichaka ni cha wazee wa zamani. Walipozika watu wao waliiacha miti mirefu isimame kuzunguka makaburi, na kila kizazi kiliongeza mingine. Ukiwa chini unaona kabisa kwamba msitu uko kule na kichaka kiko hapa, katikati kuna nyasi. Ukiwa ndani ya ndege unaona majani tu, yameungana. Mpaka wenyewe wa msitu ulipita juu zaidi, umewekwa wakati wa wakoloni kwa marundo ya mawe. Marundo hayo yalishafunikwa na majani, na aliyekuwa bado anayajua moja moja ni Mzee, maana ujanani alikuwa mmoja wa waliobebeshwa yale mawe.

Upande ule alikuwa aende Bwana Mshana. Lakini alikuwa ameteleza kwenye mawe ya mto, mguu umevimba, amelazwa hospitali ya Igogwe. Nikaenda kumwona na machungwa.

"Nenda wewe," akasema. "Si kwenu?"

"Ndiyo shida yenyewe, Bwana. Shahidi ni baba mkwe wangu."

Akacheka. Alipoona sicheki akaacha. Utaratibu wetu aliujua kuliko mimi: mpaka ukibishaniwa, mpimaji anasimama na shahidi mahali penyewe, shahidi anaonyesha, mpimaji anatoboa. "Sasa mtafanyaje?" akauliza.

"Sijui, Bwana. Nitamuuliza mama mkwe."

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya bonde. Nilimweleza jioni, akaingia ndani kwa mumewe. Nikawasikia wakinong'ona kwa muda mrefu. Akatoka akasema, "Mzee anasema kesho ukae jikoni mpaka nikuite. Na uje na sindano yako."

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye paa. Nikakaa jikoni na buti zangu, nasikia Mzee anakata kitu migombani, kisha nikasikia kikohozi chake kinapanda kuelekea msituni. Mama mkwe akasubiri, akasubiri, halafu akanigeukia. "Ametangulia. Fuata majani."

Nikafuata. Kila penye rundo la mawe Mzee alikuwa amesimika fito na kufunga juu yake jani bichi la mgomba. Mnajua jani la mgomba linavyong'aa kwenye ukungu. Nikifika kwenye fito, napapasa chini kwa panga, nakuta mawe, nafungua picha, natafuta nukta, natoboa. Nikisikia kikohozi karibu nasimama mpaka kisogee. Mahali pamoja niliona tundu la fito lililoachwa, na fito yenyewe imesogezwa hatua chache juu. Alikuwa ametilia shaka, akarudi kusahihisha. Nimefanya kazi na wapimaji wenye vyeti ambao hawakuwahi kurudi nyuma hatua moja.

Tulipofika juu ya kichaka, mama mkwe, aliyekuwa akitembea katikati yetu, alisimama. Mzee alikuwa nyuma ya mti, karibu kiasi cha kunisikia nikivuta pumzi. Nikageuka nikatazama bondeni. Mzee akamwambia mkewe kwa Kinyakyusa, polepole, na mkewe akanirudishia kwa sauti kama vile niko Mbeya.

"Anasema chini ya hapa ndipo tulipo sote! Usikosee!"

"Mwambie, Mama, nimetoboa."

"Anasema ametoboa!"

Mzee akasema tena.

"Anauliza, hao wa mjini watakubali?"

"Mwambie watakubali."

"*Ndaga fijo*," nikasikia nyuma ya mti. Asante sana. Mama mkwe hakuirudia hiyo, akaniacha niipokee mwenyewe. Miaka yote niliyoishi kwenye ule ukoo, ndiyo maneno pekee ambayo Mzee aliniambia mimi.

Nilirudi Tukuyu nimelowa mpaka mifupani, na nina furaha kama mjinga. Ule mstari ulikuwa mzuri. Nauona mpaka leo nikifumba macho.

Kisha ikaja taarifa. Fomu ya siku zile ilikuwa na swali: mpimaji alionana na shahidi mahali penyewe? Bwana Mshana alikuwa ameruhusiwa, amekaa ofisini mguu juu ya sanduku la tiodolaiti.

"Andika ndiyo," akasema.

"Siwezi, Bwana."

"Mtoto wewe, unawajua hawa watu? Andika ndiyo, tunywe chai."

"Nakala inasomwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu wote. Watasikia kwamba Mzee amesimama msituni uso kwa uso na mke wa mwanawe, wakiongea. Ataweka wapi sura yake?"

Bwana Mshana akafikicha macho. "Mume wako aandike yeye, basi, kwamba aliona."

"Fomu inataka mpimaji. Yeye ni mwalimu."

"Nyie Wanyakyusa mtaniua mimi," akasema. Lakini hakunilazimisha. Nikaandika ilivyokuwa: hatukuonana, kwa desturi ya mahali hapo, shahidi alitangulia akaweka alama penye kila rundo, mpimaji alifuata, akakuta mawe, akatoboa. Bwana Mshana akatia sahihi chini yangu, akaongeza kwa mkono wake kwamba akipona atapanda mwenyewe kuthibitisha. Kwenye mkutano wa kijiji taarifa ilisomwa, na wazee wakaitikia kwa vichwa. Mzee aliondoka pale na heshima yake yote.

Baadaye akaja mkaguzi kutoka ofisi kubwa. Bwana mmoja nadhifu, ana leso ya kufutia viti. Akafungua faili letu, akasoma, akaanza kutabasamu.

"Nani huyu kapima mpaka wa msitu kwa majani ya ndizi?"

Wote ofisini wakacheka. Hata karani, ambaye alikuwa Mnyakyusa kama mimi na anaijua desturi ile vizuri kabisa. Nikasimama, nikasema ni mimi, na chini ya kila jani kuna mawe, twende nikakuonyeshe. Akatazama dirishani, mvua. Akatazama viatu vyake.

"Dada, shahidi ambaye hukumwona si shahidi. Utaratibu ndio huo. Tutabaki na picha."

Bwana Mshana alipigana, hilo lazima niliseme. Alipopona tu alipanda kwa mguu wake mbovu, akaonana na Mzee, akakuta kila rundo nilipolisema, akapeleka taarifa. Wakamjibu kwamba muda wa masahihisho umekwisha, karatasi imeshaingia mtamboni.

Ramani zilifika zimeviringishwa, zinanuka wino. Bwana Mshana akaitandaza yetu mezani, akaikandamiza na kikombe cha chai huku na sanduku kule. Jicho langu halikwenda kileleni, wala kwenye nguzo ambayo tuliigandia kwa baridi. Lilikwenda pale. Kijani. Kijani cha msitu kimeshuka mpaka kwenye migomba, na kichaka kimo ndani. Nililia ofisini mbele ya wanaume, na nilitaka kabisa kuichana ile karatasi. Bwana Mshana alikwenda kusimama mlangoni ili mtu asiingie.

Nyumbani nilimweleza mama mkwe jikoni. Nyuma ya ukuta Mzee alikohoa. Nikasikia akimwambia mkewe kwamba amwambie mtoto asilie, karatasi ni karatasi, itaoza. Jamani, masikini Mzee. Aliona karatasi, hakuona kwamba ina ndugu, nakala na amri zitakazoifuata.

Ikaanza danadana. Nilipoandika, walijibu kwamba itarekebishwa katika toleo lijalo. Nilipouliza toleo lijalo ni lini, walinyamaza. Kila mkubwa mpya aliyeletwa Tukuyu nilimkaribisha kwa habari hiyo hiyo mpaka wakanibandika jina, Mama Makaburi. Mnadhani sikulisikia? Nililisikia. Mmoja aliniambia, "Mama, hayo ni mambo ya kifamilia." Mwingine aliahidi kupanda akaone mwenyewe, na siku ya kupanda akapata mafua. Bwana Mshana alipostaafu na kurudi Upareni alinipa ile sindano yake, imechomekwa kwenye kipande cha kizibo. "Usiache kuwasumbua," akasema. Alifariki huko huko kwao, na mimi sikuacha.

Miaka hiyo yote mstari ulikuwa kwenye karatasi tu. Walinzi wa msitu walikuwa majirani zetu, hakuna aliyemuuliza mtu anazika wapi. Mzee alipofariki tulimzika kichakani kati ya baba zake. Nilipita na wengine kumuaga, na hiyo ndiyo siku niliyomtazama usoni bila kuficha macho. Alikuwa na pua kama ya Ambakisye. Nimeolewa miaka mingi pale, na sikuwa najua.

Kisha Ambakisye naye akaugua, akalazwa Igogwe, wakamhudumia vizuri mpaka mwisho. Tulimzika ubavuni kwa baba yake. Shemeji yangu alipomaliza kufukia, alipima kwa mpini wa jembe upande wa kushoto, akaweka jiwe. "Hapa ni pa Mama Lusajo," akatangaza, yaani mimi. "Mtu asiguse." Mkisikia mjane anasema amepata faraja, mara nyingi ni kitu kama hicho, jiwe na mtu wa kulitangaza.

Halafu wakaja wataalamu wakagundua mle msituni kuna kima adimu sana duniani. Sina ugomvi na kima. Lakini kima alipopata ulinzi, sisi tukapata bikoni, nguzo za zege za kuonyesha mpaka. Ofisi yetu ikaagizwa ikauonyeshe mpaka wa msitu pale penyewe, kwenye ardhi, kwa mujibu wa ramani. Nilisema mimi sipandi. Baraka ndiyo kwanza alikuwa ameripoti, ana buti mpya na kifaa cha satelaiti, akatumwa yeye. Baraka, unakumbuka, lakini wenzako hawajui, kwa hiyo naandika. Ulirudi jioni unacheka.

"Mama, mstari umekuja safi kabisa! Tofauti ni sentimita tu!"

"Tofauti na nini?"

"Na ramani."

"Na ramani yenyewe umeilinganisha na nini?"

Nikakuketisha, nikakueleza kama nilivyoeleza hapa, na nilikuona uso ukibadilika. Ulikwenda kwa bosi mwenyewe, hilo sikulisahau, ndiyo maana chai yangu unaipata mpaka leo. Bosi akaniita.

"Mama, nakuheshimu. Lakini wewe una maslahi hapo. Mume wako yupo mle. Ushahidi wako nitaupeleka vipi?"

Nilicheka, akashtuka. Mara ya kwanza walinikataa kwa sababu sikumkaribia shahidi. Mara hii wamenikataa kwa sababu nimekaribia mno. Mniambie basi nisimame wapi. Umri wangu wote wa kazi nilitafuta mahali pa kusimama ambapo hawa watu wangenisikia, na sikupapata. Bikoni zikamwagwa zege. Moja iko katikati ya njia itokayo jikoni kwa mama mkwe kwenda kichakani, na kuku wanapenda kukaa juu yake.

Mwezi huu nilipanda na jembe kulimia kaburi la mume wangu. Penye bikoni alisimama mlinzi, kijana mpya, si wa huku, amevaa sare.

"Shikamoo, mama. Samahani, huko ni hifadhini. Una kibali?"

"Marahaba. Naenda kwa mume wangu."

Akaangalia kichaka, akaelewa. Alikuwa kijana mwenye adabu, laiti angekuwa mjeuri ningepata wa kugombana naye. "Kutembelea utaruhusiwa, mama, ukiomba. Ila kulima na kufyeka hapana."

"Na kuzika?"

Akatazama chini. "Kuzika ndiyo kabisa, mama. Kuzika hairuhusiwi."

Nikasimama pale na jembe langu. Jiwe langu naliona, limeota majani, si mbali, mtu mwenye macho mazuri anaweza hata kuona ufa wake. Mlinzi akaniuliza kama anisaidie kubeba jembe kurudi. Nikamwachia abebe.

Basi vijana, kama mlitaka ushauri wa kazi, ni huu. Mashine itawaambia mko wapi. Haitawaambia nani alijificha nyuma ya mti kwa heshima, na nani hayupo kwenye mkutano kwa sababu desturi haimruhusu kuwepo. Huyo mtafuteni, hata kama fomu haina nafasi yake. Na mkimpata, msiahidi kwamba mjini watakubali. Mimi niliahidi, na aliyenishukuru amelala ndani ya kijani.

Zawadi yenu bado iko ukutani. Juzi, baada ya Baraka kuondoka, niliishusha, nikatoa kioo, nikachukua sindano ya Bwana Mshana. Sikuhitaji stereoskopu. Niliweka ncha pale ubavuni kwa Ambakisye, nikatoboa, nikageuza, nikaandika nyuma pale ni nini, kama nilivyofundishwa. Kisha nikaitundika tena vile vile, mgongo ukitazama watu.

Najua siku yangu ikifika mtakuja. Mtakuja na gari la ofisi, na taji la maua, na Afisa Utumishi na jina langu la kukosea. Mtamkuta Lusajo, mwanangu, amekaa kimya, na mtaulizana chini chini mama anazikwa wapi. Msimsumbue mtoto. Ingieni sebuleni, someni mgongo wa ramani yenu. Mkishasoma, kaniombeeni kibali.